Kitabu Chenye Karatasi Moja Zaidi

Somoe mwanangu,

Habari za chandarua, sabuni, na nani usipokee soda yake pale stendi ya Masasi, mama yako ameshazimaliza. Amezisema leo mpaka na mimi nimeanza kuziogopa soda. Kwa hiyo hayo sitayagusa. Kesho alfajiri unapanda basi kwenda chuo cha ualimu, huko Tabora ambako hatuna ndugu wala jirani, na mimi nimekaa hapa mezani, chemli inanifukiza moshi, najiuliza mwalimu mzee amwambie nini mwalimu mtoto.

Nimeona nikuandikie habari ya vile vitabu vya sikukuu. Usinune. Najua hupendi iguswe. Lakini wewe unaijua ya upande wako, tena ulikuwa darasa la pili. Ya upande wangu hujawahi kuisikia, kwa sababu naionea aibu, na baba yako akiona aibu hufoka, hilo unalijua kuliko mtu yeyote.

Mwaka ule Idi na Krismasi zilikuwa zinafuatana, na shule yetu hapa Ruponda ilikuwa inafunga katikati ya Ramadhani. Likaja sanduku la vitabu vya picha juu ya pikapu kutoka mjini Nachingwea. Maelezo yalikuwa mafupi: mwalimu achague vitabu vinavyohusu sikukuu, avisome kwa sauti mbele ya watoto wiki za mwisho, kisha watoto wajadili. Mwalimu mkuu akalisukuma sanduku kwangu kwa mguu. "Wewe ndiye mpenda makaratasi," akasema. Akadhani ananitwisha mzigo. Nililibeba kichwani mwenyewe mpaka nyumbani, na njiani nilikuwa napiga mluzi.

Unakumbuka tulivyovimwaga juu ya jamvi? Mimi na wewe, kamati nzima ya uchaguzi. Kuna kimoja kilikuwa na watoto wamezunguka meza yenye keki ya ghorofa, nikakirudisha sandukuni, maana kingewafundisha watoto wangu njaa tu. Cha Krismasi nilikichagua kwa sababu yako. Kilikuwa na mzee wa ndevu nyeupe anatembea kwenye weupe mtupu, ukaniuliza, "Baba, huyu kamwagikiwa unga wa muhogo?" Nikasema, kitabu kinachomfanya mtoto aulize kabla hakijasomwa, hicho kinafaa. Cha Idi nilikichukua kwa ajili ya msichana mmoja kwenye ile picha ya pili, aliyekuwa anaficha gauni lililochanika chini ya kanga ya mama yake. Nilijua darasani kwangu wengi watamtambua.

Cha tatu kilikuwa cha ngoma. Kijiji kinawapokea vijana waliotoka jandoni, vumbi, wapiga ngoma, akina mama na vigelegele, halafu linatokea lipiko. Mimi Mnyaturu, niliyeletwa huku na begi na cheti, lipiko nililijua kwa kuliona mbali na kwa maelezo ya vijiweni: mchezaji wa Kimakonde aliyevaa kichwa cha mti chenye nywele za kweli na meno, mwili wote umefungwa nguo mpaka vidoleni, hutokea ngoma ikishapamba moto na watoto wakakimbia. Picha zake zilikuwa nzuri, Somoe. Na kwenye karatasi ya mwisho, lipiko limevua kichwa. Ni baba mtu mwenye masharubu, jasho linamtiririka, kichwa cha mti kakishika kwapani, anakunywa maji na mwanawe anamcheka.

Nikasema, hii ndiyo yenyewe. Mtoto aogope, kisha agundue kumbe ni baba. Hapa pana mjadala!

Mama yako alikuwa anapita na ungo wake. Akasimama nyuma yangu, akaitazama ile picha mpaka nikageuka.

"Kitabu hiki kina karatasi moja zaidi," akasema.

"Kivipi?"

"Mimi sijui. Nasema kina karatasi moja zaidi."

"Mama Somoe, kwani umezihesabu?"

Nikacheka. Na wewe ukacheka kwa kuniona mimi nacheka. Yeye hakucheka. Akaenda zake jikoni na ungo wake.

Ilinichukua miaka kuelewa alikuwa kwenye tabu gani. Kwa watu wa kwao, wale waliovuka Ruvuma na vinyago vyao wakahamia Chinongwe, mwanamke hajui kilichomo ndani ya lipiko. Wala mtoto ambaye hajaingia jando hajui. Sasa angenionya vipi bila kukiri kwamba anajua? Alinipa onyo lote aliloruhusiwa kunipa, na mimi msomi nikamuuliza kama amehesabu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Siku ya kusoma watoto walikaa chini, wamebanana. Wazazi wachache walisimama barazani, wanachungulia madirishani, na mjomba wako alikuwapo, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Chinongwe. Cha Krismasi kilikwenda vizuri. Wale watoto walibishana kama ule weupe ni unga, pamba au chumvi mpaka nikaona haya kuwaambia ukweli. Cha Idi kikawafanya wanyamaze, halafu wakaanza kusema mambo ya majumbani kwao ambayo mwalimu kwa kawaida hasikii. Nikavimba kichwa. Nikachukua cha tatu.

Lipiko lilipotokea kwenye picha, wakasogeleana kwa ule woga mtamu wa watoto. Nikafungua karatasi ya mwisho. Nikakiinua kitabu juu, nikakizungusha taratibu ili hata wa nyuma waone.

Ukimya wa watoto wanaosikiliza naujua, ndio kazi yangu. Ule haukuwa huo. Wavulana waliokuwa wametoka jandoni Juni ile waliinamisha vichwa wote kwa pamoja, kana kwamba kuna aliyewaamuru. Wasichana wakajifunika macho kwa masweta. Barazani nikasikia mtu anaondoka, halafu mwingine. Na mimi badala ya kufunga kitabu nikauliza swali la mjadala.

"Haya, nani alikuwa ndani ya lipiko?"

Hakuna mkono. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama mpumbavu. Ndipo Zainabu, uliyekuwa unakaa naye dawati moja, akasema akiwa bado amejiziba macho: "Mwalimu, lipiko halina ndani."

Nikabaki nimesimama na kitabu hewani. Na wewe uliniona. Ukasimama katikati ya wenzako, ukasema: "Ni mtu. Ana masharubu. Kitabu cha baba hakisemi uongo."

Ulisema kwa ajili yangu. Hilo nimelijua tangu siku ile, na sijawahi kukushukuru, kwa sababu nilichofanya ni kutamani ungekaa kimya.

Yaliyofuata unayajua kwa mwili wako. Dawatini, Zainabu alisogea mpaka akakalia ukingo. Kisimani wasichana walikuwa wakikuona wanainua ndoo zao wanasubiri uteke, uondoke. Hakuna aliyekutukana wala kukupiga. Afadhali wangekupiga, ningejua pa kuanzia. Walikuwa wanakuangalia tu. Jioni moja ulikuja ukaegemea goti langu ukasema, "Baba, wananiangalia kama nimeshakufa." Halafu homa ikakupanda.

Nilikupeleka zahanati, ukapewa klorokwini. Homa ikashuka, ikapanda tena. Ukawa huli. Ulikuwa unalala chini ya kitanda badala ya juu, ukiulizwa unasema huko lipiko halikuoni. Niliogopa, Somoe. Nilikuwa najiambia ni malaria, nawaambia watu ni malaria, na usingizi sina.

Nikaamua kupambana kisomi. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, Mmwera wa Ruangwa, mtu wa diploma, anafundisha sayansi darasa la saba. Nikamwambia, mkuu, tuite kikao, tuwaambie watu waziwazi kwamba ndani ya lile gwanda kuna mtu, mtoto wangu asiadhibiwe kwa kusema kweli.

Akaniangalia kwa upole. "Ndani ya nini, mwalimu?"

"Ndani ya lipiko."

"Mtu gani?"

"Mchezaji! Mtu anayevaa!"

"Sikuelewi, mwalimu wangu," akasema, akarudi kusahihisha madaftari.

Nikaenda kwa fundi baiskeli, ambaye kila mtu alisema ndiye hodari wa kucheza ngoma. Naye akaniuliza, mtu gani? Nikawauliza wanaume wazima, mmoja mmoja, wenye heshima zao, Waislamu na Wakristo. Wote sura ni ile ile, upole ule ule. Mtu gani? Ndani ya nini? Ilifika mahali, narudi nyumbani na baiskeli, nikajikuta najiuliza mimi mwenyewe nimejuaje. Nimewahi kumwona nani akivaa? Nimewahi kumwona nani akivua? Kwenye kitabu tu. Nikashuka kwenye baiskeli, nikaikokota mpaka nyumbani.

Mjomba wako alikuwa hajaondoka. Alikaa uani anachonga mpini wa jembe siku zote zile, na mama yako anampelekea chakula bila kuzungumza naye mbele yangu. Nikamwambia, shemeji, nisaidie. Akasema, "Neno limetoka kinywani mwa mtoto. Wewe huwezi kulirudisha kwa niaba yake."

"Alirudishe wapi?"

"Wewe mbishi sana, shemeji," akasema, akaendelea kuchonga.

Siku ya kufunga shule mama yako alikuja nawe umevaa sare iliyopwaya, homa imekukausha. Nilimkataza asikulete, akaniambia mtoto lazima akachukue ripoti yake. Wazazi wamejaa upande wa ofisi. Watoto wamepanga mistari. Mwalimu mkuu kashika chuma cha kugongea kengele ya rimu, na mimi nina rundo la ripoti mkononi, niko tayari kuita majina.

Sikuliona linakuja. Niliona mistari ya watoto inapinda, kama mtu anayekunja jamvi, nikageuka kutazama wanachokitazama. Lilikuwa limesimama golini, kati ya zile nguzo mbili.

Hebu fikiri, Ramadhani, jua la saa nne, hakuna ngoma iliyopigwa, hakuna filimbi wala kigelegele. Mwezi ule hakuna anayecheza ngoma hapa, hata wasiofunga huona haya. Mapiko niliyowahi kuyaona kwa mbali yalikuwa yanaruka, yanatikisa njuga, yanafukuza watu. Lile lilisimama tu. Kichwa kikubwa kidogo kwa mwili, nywele zimekatwa vizuri, mdomo wazi. Nguo zimelifunga mpaka vidoleni. Halikuwa linahema. Nililikazia macho kifuani nione nguo ikipanda na kushuka, sikuona.

Nikafanya kile ambacho ningekufanyia wewe ukikosea hesabu: nikatafuta jibu kwa kutoa. Mwalimu mkuu yule pale na chuma chake. Fundi baiskeli yule, kakalia keria. Kila mwanaume niliyemdhania alikuwa mbele ya macho yangu, akitazama chini. Nikageuka upande wa kulia kumtafuta mjomba wako, nikamkuta amesimama bega kwa bega na mimi.

"Unanihesabu, shemeji?" akauliza kwa sauti ndogo.

Lipiko likaanza kutembea, taratibu, mpaka katikati ya uwanja. Likasimama. Kichwa kikageuka, kikapita kwenye mistari ya watoto, kikafika kwako, kikatulia. Akina mama wote walikuwa wamejitanda kanga mpaka machoni, na mama yako miongoni mwao, anatazama mchanga. Mkono wake ulikuwa umekushika. Nikauona unakuachia.

Ukatoka kwenye kivuli cha jengo, ukaanza kwenda.

Niliruka. Mjomba wako akanidaka kifundo cha mkono, na ule mkono wa mchongaji haukuwa wa mchezo. "Ukienda wewe," akasema, "hatarudi kati ya wenzake tena." Ripoti zikanimwagika, upepo ukazichukua, hakuna aliyeinama kuokota.

Ulikwenda peke yako, na vile viatu vya plastiki vya bluu. Ulipolifikia, likainama. Liliinama mpaka ule mdomo wa mti ukawa sawa na uso wako. Mchezaji huonea mdomoni, ndivyo nilivyosikia vijiweni. Kama kuna macho, yako humo. Ukasogeza uso wako, ukachungulia.

Sijui ulikaa pale muda gani. Nilikuwa nasikia kamba ya bendera inagonga mlingoti. Sala zote nilizofundishwa utotoni na kanisani zilinitoka kichwani, nikabaki nasema moyoni "mwanangu, mwanangu", basi.

Halafu ukajitoa. Ukageuka ukawatazama wenzako, mstari hadi mstari, na uso wako ulikuwa umetulia kama wa mtu mzima. Hukupaza sauti. Ukasema: "Si mtu."

Shule nzima ilisikia. Lipiko likanyooka, likarudi nyuma kinyumenyume, bila kugeuka, likaingia kwenye mikorosho. Zainabu akatoka kwenye mstari mbio, akakushika mkono, na mistari yote ikavunjika, watoto wakaanza kupiga kelele na kukimbiza ripoti zao uwanjani kama siku yoyote ya kufunga shule. Mwalimu mkuu akagonga kengele. Mjomba wako akaniachia mkono, akaniomba radhi kwa alama alizoniachia.

Baadaye nilikwenda golini kuangalia nyayo. Watoto walikuwa wameshakanyaga kila mahali.

Siku ile ile homa ilikuachia. Mama yako alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, ukala mpaka ukakwangua sufuria, na Zainabu yuko hapo anakwangua pamoja nawe. Nikavumilia, nikashindwa. Nikauliza, "Somoe, uliona nini?"

"Kula, baba," ukasema, "kinapoa."

Nikamtazama mama yako, nikakutazama wewe. Sura ilikuwa moja. Nimewahi kumuuliza yeye pia, tukiwa wawili tu, miaka mingi baadaye, "Mama Somoe, ulijua?" Akanijibu, "Kujua nini?" Nikawa natafuta tabasamu mahali fulani usoni mwake, sikuliona.

Uliingia unyago na Zainabu na wenzako, hakuna aliyekutenga. Likizo zote ulikuwa unaitwa kila nyumba. Ungeniuliza mimi nilitaka nini duniani, ningesema hicho. Lakini toka siku ile kuna mawazo mawili yanapokezana kichwani mwangu. La kwanza, kwamba ndani ya ule mdomo uliona macho ya mtu, jasho lake, pengine masharubu, ukasema uongo wa mtu mzima ili kumwokoa baba yako na ujuaji wake. Likinijia hilo naumia, maana mzigo ule ulikuwa wangu na ukabebwa na mtoto wa miaka minane. La pili ni kwamba hukusema uongo. Hilo likinijia siumii. Ila likinijia nikiwa peke yangu, nawasha taa.

Siku hizi wakialika ngoma kule Chinongwe naenda. Nasimama nyuma kabisa, na lipiko likitokea navua miwani.

Kile kitabu nilikitengeneza jioni ya siku ile. Nilikoroga uji mzito wa muhogo, nikaigandisha karatasi ya mwisho kwenye iliyotangulia, nikaweka tofali juu mpaka asubuhi. Tangu hapo kila mwaka tukikaribia kufunga nakisoma. Nikifika pale lipiko linapokuja kifua mbele kwa watoto, nafunga, nawauliza, "Mnadhani nini kinafuata?" Huwezi kuamini wanayoyasema. Mwaka jana mvulana mmoja alisema linakuja kumtafuta anayelijua jina lake.

Kimo kwenye begi lako, chini ya mashuka. Na huko utaletewa masanduku ya vitabu, utachagua, utafurahi, utapiga mluzi. Vizuri. Ila kabla hujamsomea mtoto wa mtu, mpitishie kitabu mwanamke anayepika uji wa shule, au yule anayefagia. Akisema sijui, usimcheke. Keti naye kidogo, mmenyee viazi. Zaidi ya hapo sina ushauri, maana mimi mwenyewe hiki kimoja nilikipata kwa bei yako.

Mama yako amepita sasa hivi. Ameichukua barua hii, hajaisoma, ameipima tu kwa kiganja, akairudisha mezani. Akaenda kulala.

Nikuambie ukweli. Nilikaa kuandika usiku huu kwa sababu ya swali lile moja. Nilijiambia unaondoka, umeshakuwa mkubwa, barua haina aibu, utanijibu ukifika. Nikaliandika vizuri, kwa mwandiko wa ubaoni, peke yake kwenye karatasi ya mwisho.

Sasa nimeisoma barua yote tena, tangu juu. Ilikuwa na karatasi moja zaidi. Nimeitoa.

Nenda salama, mwanangu.

Baba yako